Bahari Imetoa Nini Leo? Vidokezo 12 vya Kula Samaki Mgahawa wa Mtaani

Mgahawa wa samaki wa mtaani hauhitaji kibao. Viti vya plastiki, meza zilizofunikwa mpira wa maua, jiko la mkaa nje, karai linachemka, na ukutani pamechorwa samaki ambaye hata mchoraji hamjui jina. Dar es Salaam iko mingine hatua chache kutoka majini, kama pale Feri, Msasani na Kunduchi. Mingine imejificha Mbagala au Tabata, ambako samaki hufika kwa bodaboda.

Kote huko kuna sheria moja inayozaa nyingine zote: utakula kilichovuliwa, si ulichokiota njiani. Anayelijua hilo huuliza kabla ya kuagiza, na hula vizuri kwa pesa ileile ambayo wa meza ya jirani anailalamikia. Vidokezo hivi vimeandikwa kwa ajili ya huyo wa meza ya jirani.

1. Salimia, halafu uliza kilichoingia

Karatasi iliyobandikwa ukutani inataja changu, tasi, nguru, jodari, pweza, ngisi na kamba. Usiitegemee sana; iliandikwa siku ya ufunguzi. Mwenye habari za leo ni mama aliyesimama kwenye karai.

“Shikamoo mama, leo kimeingia nini?”

Swali hilo lina faida kuliko “Changu yupo?”, kwa sababu ukiuliza hivyo changu atakuwepo tu. Kama jikoni hayupo, kijana atatumwa kwa jirani au atainamia friza, nawe utaletewa aliyelala humo tangu wiki iliyopita. Ukiuliza kilichoingia, mpishi mwenyewe atakwambia, “Changu achana naye leo, kuna kolekole wameshuka asubuhi hii.” Mfuate. Ana miaka mingi kwenye karai hilo, na ushauri wake hautozwi.

2. Mchana una heri kuliko usiku

Wavuvi wengi wadogo hukesha baharini na kurudi alfajiri. Pale Feri mnada huanza mapema, madalali wanapaza sauti, wachuuzi na mama lishe wananunua, ndoo na maboksi ya barafu yanapakiwa, na kabla ya saa sita samaki keshafika mtaani. Ukikaa mezani saa saba mchana unakula mavuno ya usiku uliopita. Ukikaa saa tatu usiku unakula samaki huyohuyo, ila ameshinda kutwa. Si kosa, mradi ameshinda kwenye barafu.

Wa kuogopa ni yule wa kwenye kabati la kioo. Huyo alikaangwa asubuhi, akapangwa akakauka, na ukimwagiza hutumbukizwa tena kwenye mafuta ili apate moto. Sema mapema: “Nikaangie mbichi, nitasubiri.” Ukipita, chungulia na karai. Mafuta yakiwa meusi, yanatoa moshi na povu, hama upande wa jiko la mkaa uagize wa kuchoma.

3. Ukitamani pweza, tazama mwezi

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja siku za bamvua. Pwani yetu maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na katikati ya asubuhi miamba hubaki wazi. Hapo kina mama na vijana huingia kwa miguu, fimbo na vyuma mkononi, kuchokoa mashimo ya pweza. Jioni yake pweza wamejaa mjini. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu: miamba haifunuki vya kutosha, pweza anaadimika na bei inapanda.

Dagaa wana hesabu nyingine. Huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi inapowaka. Dagaa ni wa usiku wa giza. Jumlisha mwenyewe: mwezi mpevu, agiza pweza na uwasahau dagaa wabichi, mwezi mwandamo, vyote viwili vipo, wewe tu na tumbo lako.

Pweza akiletwa, mtazame ukubwa. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, na sababu ni ya kibiashara kama ilivyo ya kisheria: pweza huishi mwaka na ushei tu lakini hukua kwa kasi ya ajabu, hivyo ukimwacha miezi michache unamkuta kaongezeka mara kadhaa. Ndiyo maana vipo vijiji vya Unguja, Pemba na Mafia vinavyofunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, kisha vikafungua siku moja na kuvuna wakubwa. Ukikuta sahani ya vipweza vya kukaa kiganjani, agiza kitu kingine.

4. Kusi likivuma, punguza masharti

Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu, bahari inachafuka, na ngalawa na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Samaki wa bahari hupungua na bei hujibu. Huo si msimu wa kung’ang’ania jodari mtaani. Ulizia kaa na kamba, ambao huvuliwa kwenye mikoko na maji yaliyokingwa, hasa wanaotoka upande wa Delta ya Rufiji.

Au mgeukie sato. Samaki wa Ziwa Victoria husafirishwa kwa barafu mpaka Dar, na sato mzima wa kuchoma, aliyepasuliwa mgongoni na kupakwa ndimu na pilipili, hana cha kumwonea aibu samaki wa chumvi. Kumla sato pwani si dhambi. Dhambi ni kumlipia bei ya changu. Hali kadhalika vibua vya barafu: vingi vinavyouzwa mijini vimekuja kwa makontena kutoka nje ya nchi. Vikikaangwa vikavu ni vitamu, ila uvilipie kama vibua vya kontena, si kama vilivyoshuka Feri leo.

Kaskazi ikishika, kuanzia karibu na Desemba hadi Machi, bahari hutulia na unaweza kurudisha masharti yako yote.

5. Mchague mwenyewe, na mtazame usoni

Mgahawa unaojiamini utakufunulia boksi la barafu bila kununa. Anza na macho: yawe maangavu na yametokeza, yasiwe yamezama na kuweka ukungu. Inua kifuniko cha mashavu. Ndani kuwe na wekundu wa damu, si rangi ya kahawia. Magamba yawe yameshika. Bonyeza ubavu kwa kidole: nyama ya samaki mbichi hurudi palepale, ya mzee hubaki na shimo. Halafu nusa. Samaki mzuri ananuka bahari. Shombo kali ni taarifa ya umri.

Kuna ukaguzi mmoja ambao wengi hawaujui. Samaki aliyeuawa kwa baruti huweza kuonekana mzuri kabisa kwa nje, lakini akipasuliwa utakuta damu imevilia ndani, nyama imelegea, na mara nyingi uti wa mgongo umevunjika. Uvuvi huo ni marufuku, unasambaratisha matumbawe na kuua makinda pamoja na wazazi wao. Mwambie mpishi huyo humtaki, na mwambie kwa nini. Akisikia hivyo kwa wateja watano kwa wiki, naye atamwambia mchuuzi wake.

Kaa ana kanuni yake: awe hai, miguu imefungwa, na akiinuliwa awe mzito kuliko umbo lake. Kaa aliyekufa kabla ya kufika kwenye sufuria haliwi, hata kwa nusu bei.

6. Patana bei kabla samaki hajagusa mafuta

Mtaani samaki hana bei moja. Ana bei ya ukubwa, ya msimu, na wakati mwingine ya viatu ulivyovaa. Kwa hiyo mnyooshee kidole yule unayemtaka na uulize swali lenye sehemu mbili: “Huyu bei gani, na ndani yake kuna nini?” Sehemu ya pili ndiyo inayookoa. Huenda ugali na kachumbari vimo, huenda chipsi ni bei yake, na huenda hata kukaangiwa kunahesabiwa. Akisema kilo, uliza amepimwa kabla ya kutolewa matumbo au baada.

Mkiwa wengi, chukueni samaki mmoja mkubwa badala ya wadogo wanne. Nyama ni nyingi kuliko miba, na chewa wa sinia moja huleta mazungumzo mezani kuliko sahani za mmojammoja. Feri unaweza pia kumnunua samaki wako sokoni kisha ukawapelekea wakaangaji walio palepale, ukalipia kazi ya kukaanga tu.

Ukiwa Unguja, pale Bustani ya Forodhani jioni, hesabu mishikaki mmojammoja. Muuzaji mchangamfu anaweza kukujazia sahani huku mnaongea habari za mpira, na bei inatajwa sahani ikiwa imeshajaa. Uliza kila kijiti kabla hakijachukuliwa mezani, na penda vile vinavyochomwa mbele yako.

7. Mpe kila samaki mapishi yake

Tasi na changu ni wa kukaanga: wapasuliwe mistari ubavuni, chumvi, ndimu na kitunguu saumu viingie ndani, kisha karaini mpaka mkia uwe wa kutafunika. Miba ya mapezi ya tasi ina sumu inayouma vibaya akiwa mbichi, lakini hiyo ni shida ya mpishi, si yako.

Kolekole na chewa wana mwili, wanastahimili mkaa. Hawa ndio wa kupaka. Samaki huchanuliwa, huchomwa nusu, kisha hupakwa tui zito lililochemshwa na ukwaju, bizari na pilipili. Anageuzwa, anapakwa tena, anageuzwa, anapakwa tena, mpaka tui linakauka juu yake na kuanza kuungua pembeni. Mkikaa karibu na jiko mtasikia tui linavyodondokea makaa. Samaki wa kupaka aliyemwagiwa mchuzi mara moja tu mwishoni ni samaki wa mchuzi aliyejipa cheo.

Nguru ni wa vipande na mchuzi wa nazi, wali pembeni. Jodari anapenda moto mkali wa muda mfupi. Ukimwacha sana anakauka na utamtafuna mpaka kesho. Ngisi vilevile: aive upesi, au apikwe muda mrefu hadi alainike tena, katikati ya hapo ni mpira. Na kama tumbo halitaki mafuta, waombe wakuchemshie chukuchuku, kwa ndimu, kitunguu, nyanya na pilipili nzima isiyopasuliwa. Wapishi wengi watafurahi. Ndicho wanachojipikia wenyewe.

8. Wape muda, au piga simu

Samaki wa sahani moja huchukua kama robo saa karaini. Wa kilo nzima wa kuchoma atakula dakika 40 au zaidi, na pweza mbichi asiyechemshwa kabla anahitaji saa nzima. Mgahawa unaoleta samaki mkubwa wa kuchoma ndani ya dakika kumi ulikuwa naye tayari, na unajua alikuwa wapi: kabatini.

Kama una haraka, agiza mchuzi, huo umeshaiva. Kama unakuja na kundi, piga simu saa moja kabla. Ukishakaa, usiende jikoni kila baada ya dakika tano kuuliza “Bado?” Moto haukusikii, na mpishi anakusikia sana.

9. Meza ya pweza ina taratibu zake

Jioni, mitaa mingi ya Dar, utaikuta: meza ndogo, taa, sinia la pweza aliyechemka akawa na rangi ya zambarau, na sufuria ya supu inayofuka. Muuzaji anashika mnyiri kwa mkono mmoja, kisu kwa mwingine, anakata vipande vidogo haraka mpaka huoni vidole vinavyokwepa. Wateja wamesimama, kila mmoja na kijiti cha meno chake, wanachoma kipande, wanachovya kwenye pilipili, wanapuliza supu kikombeni.

Uliza bei ya kipande kabla ya kuanza, maana ukianza hutasimama. Hesabu vipande vyako mwenyewe. Usirudishe kijiti kilichotoka mdomoni kwenye bakuli la pilipili la wote; mwombe akumiminie yako pembeni. Supu mara nyingi huja kama nyongeza kwa aliyenunua. Kwa asiyenunua, ulizia kwa upole. Zile sifa za supu ya pweza zinazosemwa kwa kunong’ona, mwachie muuzaji. Ladha yake inatosha kuwa sababu.

10. Mkono, mwiba na kichwa

Birika la maji ya vuguvugu likipita, vua saa, kunja mikono ya shati, nawa vizuri. Uma hauna pua ya kunusa mwiba. Vidole vinao ujuzi huo. Anza na upande wa juu: fungua kwenye mstari wa katikati ya ubavu, sogeza nyama ya mgongoni juu na ya tumboni chini. Upande huo ukiisha, shika uti wa mgongo kuanzia mkiani uunyanyue wote kwa pamoja, na upande wa pili utakuwa wazi bila kumgeuza samaki na kumwaga mchuzi mapajani.

Kichwa usikirudishe. Ile nyama ndogo ya mviringo chini ya jicho ndiyo laini kuliko zote, na mpishi akiona kichwa kimerudi kizima atajua umetokea bara na hujapata mwenyeji.

Watoto waagizieni vipande vya nguru. Miba yake ni mikubwa na inaonekana. Mwiba ukikwama kooni, tabia yetu ni kumeza tonge kubwa la ugali. Madaktari hawaipendi, kwa sababu tonge linaweza kuusukuma mwiba uchome zaidi. Kohoa, kunywa maji, na maumivu yakiendelea nenda hospitali.

11. Ulimi ukiwasha pasipo pilipili, weka chini

Jodari, nguru na vibua wakiachwa kwenye joto hutengeneza kemikali iitwayo histamini. Haionekani, mara nyingi hainuki, na moto hauiondoi. Ukikaanga au ukichemsha iko palepale. Dalili ya kwanza huwa ulimini: samaki anawasha kana kwamba ana pilipili manga, na hakuwekwa. Ukiendelea, uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha na kupata mabaka. Kwa wengi hupita baada ya saa chache, ila mwenye pumu au anayehema kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Kwa samaki wa aina hii, barafu ni sharti.

Vingine ni vya kukataa moja kwa moja. Bunju ana sumu isiyotoka kwa kupikwa. Na nyama ya kasa, mbali na kwamba kumvua ni kosa la jinai, huweza kuua: Machi 2024 watu 9, wanane wao watoto, walifariki Pemba baada ya kuila. Ukikaribishwa kwa siri, aga.

12. Ukipata pazuri, kuwa mtu wa pale

Unapolipia kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, ulinganishe na la mgahawa. Acha chenji kwa kijana aliyekuletea maji, na msifie mpishi kwa kutaja kitu: pilipili, wali, namna ngozi ilivyokauka. Sifa ya jumla hupita; sifa yenye jina hukumbukwa. Kama kuna kasoro, mwite pembeni umwambie, usipige kelele mbele ya wateja.

Jua na kalenda ya wenyewe. Ijumaa adhuhuri jiko huweza kusimama kwa ajili ya swala, basi fika mapema au chelewa kidogo. Mwezi wa Ramadhani, Unguja na Pemba hasa, mchana migahawa mingi imefungwa, lakini jioni ndipo pweza wa nazi na samaki wa kupaka huchukua nafasi zao pembeni ya futari.

Mwisho, chukua namba ya mpishi na umwachie yako. Baada ya muda hutakuwa wewe wa kuuliza. Simu italia saa nne asubuhi, upo kazini: “Kaka, kuna chewa wa kilo tatu hapa, bado anarusha mkia. Nikuwekee?” Hapo usiombe muda wa kufikiri, kwa sababu namba yako si peke yake kwenye simu ile.